Mchezaji wa Tatu

Kisiwa cha Takawiri ni kidogo, wala hakitajwi sana vitabuni. Kimo katika ziwa la Victoria, katika Kaunti ya Homa Bay, kati ya Mbita na kisiwa kikubwa cha Mfangano. Na mgeni afikaye huko kwa mashua, jambo la kwanza alionalo ni mchanga mweupe wa ufuo wake. Wenyeji wake ni Abasuba, ambao siku hizi wengi wao husema Kijaluo, na kazi yao kuu ni uvuvi.

Nimeanza na mchanga huo kwa sababu, msomaji, habari nitakayokueleza ni ya mpira wa kikapu, na mchanga una neno la kutufunza juu ya mchezo huo. Chukua mpira wa kikapu uupige chini kwa nguvu juu ya mchanga mkavu wa Takawiri. Haurudi mkononi. Huzama kidogo, ukatulia kama yai katika kiota. Asiyeweza kuudunda mpira hawezi kwenda nao, na asiyeweza kwenda nao hana budi kumpa mwenziwe, kisha akimbilie mahali penye nafasi ili apewe tena. Basi watoto wachezao mpira huo ufuoni hucheza, pasipo kujua, mchezo wenyewe kama ulivyokuwa siku ulipozaliwa.

Nia yangu si kueleza historia ya mchezo mzima. Nataka kufuata asili ya mchezaji mmoja tu kati ya watano walio uwanjani, yule ambaye Waingereza na Wamarekani humwita kwa jina lenye maana ya mshambulizi mdogo, na ambaye makocha wetu humwita namba tatu. Wa kwanza ni mwongozaji, aletaye mpira kutoka nyuma. Wa pili ni mlinzi mwenye kazi ya kutupa kutoka mbali. Wa nne ni mshambulizi wa nguvu, na wa tano ni yule mrefu wa katikati, akaaye chini ya kikapu. Kazi za hao wanne hueleweka upesi, hata kwa mtu aliyeutazama mchezo mara moja tu. Lakini ukimwuliza mwanafunzi, “Kazi ya namba tatu ni nini?” aghalabu atasita, au atasema kuwa ni mtu wa pembeni. Kusita huko kuna sababu, na sababu yenyewe imo katika historia.

Mwezi wa Desemba, mwaka wa 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, palikuwa na chuo cha walimu cha Chama cha Vijana wa Kikristo. Nje palikuwa na theluji, na ndani palikuwa na darasa la wanaume 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo, hata walimu wawili wakashindwa kuwatuliza. Mwalimu wa tatu alikuwa James Naismith, mzaliwa wa Kanada, mwenye umri wa miaka 30. Aliagizwa na mkuu wake, Luther Gulick, abuni mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba, usiovunja watu mifupa. Naismith aliandika kanuni 13. Akapigilia misumari vikapu viwili vya kutilia matunda ya pichi kwenye roshani ya ukumbi, futi 10 kutoka sakafuni, na urefu huo haujabadilika hata leo. Mpira ulikuwa wa kandanda. Ulipoingia kikapuni, mtu alipanda ngazi kuutoa. Siku ya kwanza uliingia mara moja tu, na mchezo ukaisha kwa 1 kwa 0.

Kwa kuwa darasa lilikuwa na watu 18, kila upande ulipata 9. Naismith aliwapanga watatu mbele, watatu katikati na watatu nyuma, na kanuni yake kubwa ilikuwa kwamba mwenye mpira hakuruhusiwa kwenda nao. Alipoudaka, alisimama, akatupa kutoka pale pale. Hapo, msomaji, utaona hali ya mshambulizi wa kwanza ilivyokuwa. Alikuwa mtu wa mahali. Alikaa karibu na kikapu cha upande wa pili, akangoja kuletewa. Mpira ukichukuliwa na wapinzani, kazi yake ilikwisha, akaupa macho tu jinsi unavyokwenda zake nyuma, hata wenzake walio nyuma waupokonye. Hao watatu wa mbele hawakutofautishwa kwa kazi. Kulia, kushoto na kati ni mahali, wala si majina ya kazi.

Hali hiyo haikudumu, kwani wachezaji ni watu na watu hutafuta njia. Waligundua kwamba mtu aliyebanwa na mpinzani aweza kuuachia mpira uanguke sakafuni, kisha akaudaka tena mwenyewe. Na kwa kuwa alikuwa ameuacha, hakuvunja kanuni. Ndipo ukazaliwa udundaji wa mpira. Hesabu ya wachezaji nayo ilipungua, hata kufikia mwaka wa 1897 desturi ikawa watu watano kila upande: washambulizi wawili, walinzi wawili, na mmoja wa kati. Watano hao walikuwa na uwanja mzima wa kukimbia. Ukumbi wenye sakafu ya mbao uliurudisha mpira mkononi, ule mchanga wa Takawiri usingeurudisha. Bila sakafu ngumu nisingekuwa na habari ya kukueleza.

Lakini si wote waliopewa uwanja mzima. Hapa sina budi kupinda kidogo niwaeleze wasichana habari inayowahusu, kwa maana vitabu vingi vya mchezo huu huipita. Mwaka wa 1892 mwalimu mmoja, Senda Berenson, aliupeleka mchezo wa Naismith kwa wasichana wa chuo cha Smith, katika mji wa Northampton, usio mbali na Springfield. Wakubwa wa zama zile waliogopa kuwa mbio nyingi zingewadhuru wanawake. Berenson aliugawa uwanja sehemu tatu kwa mistari, akaweka sheria kwamba kila msichana abaki katika sehemu yake. Mshambulizi wa kike hakuvuka mstari. Hakulinda kamwe, wala mlinzi hakufunga kamwe. Katika jimbo la Iowa, huko huko Marekani, wasichana wa shule waliendelea kucheza sita kwa sita, watatu nusu hii na watatu nusu ile, mpaka mwaka wa 1993.

Mchezo huo wenye mistari ulivuka bahari hadi Uingereza katika miaka ya 1890, ukageuzwa huko, ukawa mpira wa pete. Kisha Waingereza wakauleta kwetu pamoja na shule. Ndiyo maana msichana wa Takawiri, kama mwenzake wa Kisumu au Machakos, huujua mpira wa pete tangu shule ya msingi, na kifuani huvaa herufi zimwonyeshazo mahali pake. Akivuka mstari usio wake, mwamuzi hupuliza filimbi. Anapofika shule ya sekondari na kukuta mpira wa kikapu, miguu yake huikumbuka ile mistari ijapokuwa haipo tena. Mimi mwalimu nimewaona wengi wakifika katikati ya uwanja wakasimama ghafula, kana kwamba mtu amewashika kanzu, ilhali mpira uko mbele yao hauna mwenyewe. Si woga wala uvivu. Ni sheria ya mwaka wa 1892, iliyowekwa na watu wasiomjua, ikali imo miguuni mwake.

Turudi kwa wanaume. Mpaka miaka ya 1930 mshambulizi alikuwa na vizuizi viwili. Cha kwanza kilikuwa kanuni iliyosema kwamba kila mara kikapu kinapofungwa, mpira urudishwe katikati na kurushwa juu, warefu wawili waurukie. Mchezo ukawa wa kusimama na kuanza, kusimama na kuanza, na timu yenye mtu mrefu kupita wote ilipata mpira hata baada ya kufunga. Cha pili kilikuwa mazoea ya kutupa kwa mikono miwili huku miguu imesimama imara, jambo lililompa mlinzi nafasi ya kufika na kuzuia.

Kizuizi cha pili kilianza kuvunjwa tarehe 30 Desemba, 1936, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Mshambulizi wa Chuo Kikuu cha Stanford, aitwaye Hank Luisetti, alitupa mpira kwa mkono mmoja akiwa mbioni, na timu yake ikaishinda ile ya Long Island, iliyokuwa imeshinda michezo 43 mfululizo. Hakuwa mtu wa kwanza duniani kutupa hivyo, lakini watu wa New York walimwona, na gazeti la New York husomwa mbali. Mwaka uliofuata, 1937, ile kanuni ya kurudi katikati baada ya kila kikapu ikafutwa. Tangu hapo aliyefungwa huuokota mpira chini ya kikapu chake na kuanza mara moja. Mshambulizi aliyezoea kungoja mbele alijikuta hana wa kumngoja. Ilimpasa arudi mbio kulinda, kisha atoke mbio tena kushambulia.

Mwaka huo huo wa 1936 mchezo uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Berlin, na mzee Naismith alikuwapo kuutazama. Wajerumani waliwapangia viwanja vya nje vya udongo, vya tenisi. Siku ya fainali mvua ilinyesha. Mpira haukudunda katika tope, na Marekani ikaishinda Kanada kwa 19 kwa 8. Watoto wa ufuoni Takawiri wangewacheka mabingwa wale, maana wao hali hiyo wameizoea.

Sasa tumefika mahali ambapo namba tatu anazaliwa hasa, nami naomba msomaji anifuate kwa uangalifu, kwa sababu aliyemzaa ni hesabu. Baada ya vita kuu ya pili, katika ligi ya kulipwa ya Marekani, alitokea mtu mkubwa aitwaye George Mikan, mwenye urefu wa futi 6 na inchi 10. Alisimama chini ya kikapu, akapewa mpira, akafunga. Hakuna aliyeweza kumwondoa. Mwaka wa 1951 wakubwa wa ligi walilipanua eneo lililo mbele ya kikapu, ambamo mshambulizi haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, kutoka futi 6 hadi futi 12. Mwaka wa 1964, kwa ajili ya mkubwa mwingine, Wilt Chamberlain, wakalipanua tena hadi futi 16. Kila lilipopanuliwa, watu wakubwa walisukumwa nje kidogo, na njia ya kupenya kutoka pembeni ikawa pana.

Jambo la pili lilikuwa uchovu wa watazamaji. Timu iliyotangulia ilikuwa na haki ya kuushika mpira kadiri ilivyopenda. Tarehe 22 Novemba, 1950, Fort Wayne iliishinda timu ya Mikan, Minneapolis, kwa 19 kwa 18, na watu waliolipa fedha zao wakaenda nyumbani wamekasirika. Danny Biasone, mwenye timu ya mji wa Syracuse, akafanya hesabu. Mchezo ni dakika 48, yaani sekunde 2,880. Mchezo mzuri, alisema, una mitupo 60 hivi kila upande, jumla 120. Gawanya 2,880 kwa 120, utapata 24. Tangu mwaka wa 1954 kila timu ikapewa sekunde 24 za kutupa. Kuudunda mpira huku na huku ili kupoteza wakati kukakoma.

Yaunganishe mambo hayo mawili. Muda ni mfupi, njia ya pembeni ni pana, na mpira unakwenda kasi. Anahitajika mtu gani? Mwongozaji ni mwepesi lakini aghalabu ni mfupi, akipenya huzuiwa na wakubwa. Mkubwa hufika juu lakini si mwepesi. Panahitajika mtu wa kati baina yao: mrefu wa kutosha kutupa juu ya mikono ya walinzi, mwepesi wa kutosha kuwapita wakubwa. Mtu huyo alikuja mwaka wa 1958, jina lake Elgin Baylor, mwenye urefu wa futi 6 na inchi 5. Baylor aliruka kutoka pembeni, akabaki hewani huku akitafuta upenyo, akatupa wakati mlinzi wake ameanza kushuka. Tarehe 15 Novemba, 1960, alifunga alama 71 katika mchezo mmoja dhidi ya New York. Mwaka wa 1962, katika mchezo mmoja wa fainali dhidi ya Boston, alifunga 61. Na msimu huo wote alikuwa askari wa akiba, akija kucheza siku alizopewa ruhusa na jeshi.

Nisingependa umjue Baylor kwa alama zake peke yake. Mnamo Januari 1959, mwaka wake wa kwanza, timu yake ilikwenda kucheza katika mji wa Charleston, West Virginia. Hoteli iliwakataa wachezaji weusi. Usiku ule Baylor alikataa kucheza, akaketi na nguo zake za kawaida. Alikuwa kijana wa miaka 24, mgeni kazini, na timu ilimhitaji kuliko mtu mwingine yeyote. Mstari ule nao ulikuwa umechorwa na watu wengine, naye akakataa kuutambua.

Baada ya Baylor haikuwezekana tena kuwaita washambulizi wote wawili kwa jina moja. Katika miaka ya 1960 na ya 1970 watu walizoea kuwatenga: yule mwenye nguvu, agombeaye mpira urudio kutoka ubaoni, wakamwita mshambulizi wa nguvu, na huyu wa pili, kwa kuwa ni mdogo kuliko yule, wakamwita mdogo. Tazama basi jina lilivyopatikana. Halisemi afanyalo, lasema tu kwamba amepungukiwa na kitu alicho nacho mwenziwe. Ndiyo sababu mwanafunzi husita akiulizwa. Namba tatu alipata kazi kabla ya kupata jina, na jina lilipokuja halikumfaa.

Kazi yenyewe ni hii. Hushambulia kutoka pembeni, kwa kutupa au kwa kupenya. Tangu kuwekwa kwa mstari wa alama tatu, ambao ligi kuu ya Marekani iliuchukua mwaka wa 1979 na chama cha dunia mwaka wa 1984, yampasa kuweza kufunga kutoka nje ya mstari huo pia. Mpira urudipo, huingia kati ya wakubwa kuugombea. Mwongozaji akibanwa, humsaidia kuuleta. Na katika kulinda, hupewa mpinzani aliye hatari kupita wote, akiwa mrefu au mfupi, kwa sababu ndiye pekee awezaye kumfuata kila aendako.

Mvuvi wa Takawiri angemtambua mara moja. Usiku wa kuvua omena, taa zikiwa zimewashwa juu ya maji, katika mashua yuko ashikaye usukani na wako wanaouvuta wavu, nao hao kazi zao zajulikana. Lakini yuko mtu mmoja ambaye hukumba maji yakijaa, hushika kasia upepo ukibadilika, husogeza taa, na wavu ukiwa mzito huinama akavuta na wenzake. Ukiuliza ufuoni asubuhi ni nani aliyevua samaki wale, hatatajwa wa kwanza. Lakini mwenye mashua akikosa mtu wa namna hiyo, hukawia kutoka.

Neno langu la ukali ni juu ya desturi tuliyo nayo mashuleni. Siku ya kwanza ya mazoezi, katika muhula wa kwanza, wanafunzi hupangwa mstari kwa kimo kama viazi sokoni. Mrefu aambiwa, “Wewe simama chini ya kikapu.” Mfupi aambiwa, “Wewe dunda mpira.” Waliobaki katikati, ambao ndio wengi, hupewa nafasi ya tatu kama mtu apewavyo makombo, pasipo kuambiwa lolote. Miaka minne baadaye yule mrefu hajui kudunda, yule mfupi hajui kugombea mpira, na yule wa katikati ameacha mchezo. Huku ni kurudi Springfield katika ile Desemba, watatu mbele na watatu nyuma, kana kwamba miaka yote iliyofuata haikuwapo. Na kwa wasichana tumerudi kwenye mistari ya Northampton.

Kama waona kuwa hizi ni habari za nchi za mbali, ngoja nikulete nyumbani. Mwaka wa 1993 mashindano ya mpira wa kikapu ya mataifa ya Afrika yalifanyika Nairobi, na Kenya ikawa ya nne. Baada ya hapo timu yetu ya wanaume haikufuzu tena kwa miaka 28. Mwezi wa Februari 2021, mjini Yaoundé nchini Kameruni, Kenya ilikutana na Angola, taifa lililokuwa limetwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Kocha wetu alikuwa mwanamke kutoka Australia, Liz Mills. Mchezo ulipokaribia mwisho Angola ilikuwa mbele. Mpira ukapewa Tylor Ongwae, mchezaji wa pembeni, aliyesoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Louisiana huko Monroe, kisha akacheza Denmark kwa kulipwa. Mlinzi alikuwa mbele yake. Ongwae akaruka na kutupa, muda ukamalizika mpira ungali hewani, na ukaingia. Kenya 74, Angola 73. Miaka 28 ilifutwa na mtupo mmoja, na aliyeutupa alikuwa namba tatu.

Wa mwisho nitakayekutajia ni Luol Deng, na habari zake zina undugu na watu wa ziwa letu. Alizaliwa mwaka wa 1985 katika mji wa Wau, Sudan ya Kusini, katika nchi ya Bahr el Ghazal. Msomaji aliyesoma historia ya Nyanza ameshashtuka. Wanahistoria, na hasa Profesa Bethwell Ogot katika kitabu chake cha mwaka wa 1967, wameeleza kuwa mababu wa Wajaluo walitoka pande hizo, wakashuka kusini kizazi baada ya kizazi, kupitia Uganda, hadi wakafika ziwani. Karibu na Wau mpaka leo wako watu waitwao Wajur, ambao lugha yao ni ndugu ya Kijaluo, lugha ile ile ambayo Abasuba wa Takawiri waliipokea kwa jirani zao. Deng mwenyewe ni Mdinka, na Kidinka nacho ni cha ukoo huo huo, ijapokuwa ni tawi la mbali zaidi.

Vita viliifukuza jamaa yake mpaka Misri. Huko Manute Bol, Mdinka mwenzao aliyekwisha kucheza Marekani, jitu la urefu wa mita 2.31, aliwafundisha vijana wa jamaa hiyo mchezo huu. Kutoka Misri wakaenda London kama wakimbizi, na kutoka London Deng akaenda Marekani kusoma akiwa na miaka 14. Mwaka wa 2004 aliingia katika ligi kuu, akacheza Chicago kwa miaka karibu kumi. Alikuwa na urefu wa mita 2.06, na bado aliitwa mshambulizi mdogo! Hakuwa mwenye kufunga alama nyingi kupita wote katika ligi ile. Lakini katika msimu wa 2011–12, na tena katika ule wa 2012–13, hakuna mchezaji aliyewekwa uwanjani kwa dakika nyingi kuliko yeye: zaidi ya 38 kati ya 48, kwa wastani. Makocha hawampi mtu dakika kwa huruma. Walimwacha uwanjani kwa sababu kila usiku kulikuwa na mpinzani hatari wa kufuatwa, na mara nyingi mpinzani huyo alikuwa LeBron James, namba tatu mkuu wa zama zetu.

Deng alipoacha kucheza, mwaka wa 2019, alichaguliwa kuwa rais wa chama cha mpira wa kikapu cha Sudan ya Kusini, nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai, 2011. Ilikuwa nchi maskini, iliyotoka vitani, na vijana wake wametawanyika Kenya, Uganda, Australia na Marekani. Deng aliwatafuta mmoja mmoja, na gharama nyingi alizilipa kwa fedha zake. Timu ikaingia mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka wa 2021, mjini Kigali. Mwaka wa 2023 ikacheza Kombe la Dunia, ikaishinda Angola kwa 101 kwa 78, na kwa ushindi huo ikapata nafasi ya Olimpiki ya Paris.

Kabla ya kwenda Paris, tarehe 20 Julai, 2024, Sudan ya Kusini ilicheza na Marekani mjini London, mji ule ule uliompokea Deng alipokuwa mkimbizi. Watu walitazamia kichekesho. Hata ilipofika mapumziko, wale vijana walikuwa mbele kwa 58 kwa 44, na Wamarekani wakatazamana. Mchezo ulipobakiwa na sekunde chache Sudan ya Kusini ilikuwa bado mbele kwa alama moja, 100 kwa 99. Marekani walikuwa na wakubwa wa kutosha chini ya kikapu, na waongozaji hodari kuliko wote duniani. Mpira walimpa LeBron James. Akaanzia mbali, akamzunguka mlinzi wake, akapenya na kuuweka ubaoni zikiwa zimebaki sekunde 8. Ukawa 101 kwa 100. Siku nane baadaye, katika Olimpiki hiyo, vijana wa Deng waliishinda Puerto Rico kwa 90 kwa 79.